Mgeni Mwenye Kamera

Upo udhuru mmoja ambao wapiga picha za arusi hupenda kuutoa kazi yao inapoharibika, nao ni huu: "Mahali pale palikuwa pageni kwangu." Hutolewa kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kana kwamba kanisa lile, au ukumbi ule, au uwanja ule wa shule ulikusudia kumhasiri. Baba wa bibi arusi husikiliza, huguna, hulipa salio la ujira, na shauri huisha. Mimi nasema kwamba udhuru huo haufai kupokewa. Ugeni wa mahali si ajali kama mvua ya ghafula au gari kuharibika njiani. Ulijulikana tangu siku ya mapatano. Mtu aliyejua kwa muda wa wiki sita kwamba hapajui mahali atakapofanya kazi, asiende kupaona wala asimwulize mtu, hakushindwa na mahali. Alishindwa na uvivu wake, na hasara akamwachia mwingine.

Nina haki ya kusema kwa ukali, kwa kuwa nimewahi kuutoa udhuru huo kwa kinywa changu mwenyewe. Habari hiyo itafuata mahali pake.

Msomaji kijana huenda akauliza jambo hili lamhusu nini, naye hana kamera ila ile iliyo katika simu ya mama yake. Lamhusu. Siku hizi ni nadra kuona arusi ambayo vijana wa nyumba hawaitwi kupiga picha, na si wachache wanaomaliza shule wakaifanya kazi hii kuwa ndiyo riziki yao, maana yaweza kuanzwa kwa kamera ya kuazima. Leo mnapiga picha za dada zenu; kesho mtaitwa na watu msiowajua, katika mahali msipopajua, na mtaaminiwa.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya kitu kinachopotea. Mwalimu akifundisha vibaya Jumatatu aweza kurudia Jumanne. Mshonaji akikata kitambaa vibaya, kitambaa kingine chapatikana dukani. Arusi haina Jumanne. Wale waliokutana siku ile hawatakutana tena wote pamoja: mmoja atakuwa safarini, wawili watakuwa wamegombana, mzee mmoja atakuwa amezikwa. Watu hawamlipi mpiga picha kwa ajili ya keki, wala kwa ajili ya motokaa iliyofungwa riboni. Wanamlipa ili sura fulani zisipotee.

Sasa tuje katika mwanga, ambao ndio wino wa kazi hii. Vitabu vingi vya kufundisha upigaji wa picha vimeandikwa katika nchi za kaskazini, ambako jioni za kiangazi ni ndefu, na nuru laini ya machweo hukaa hata mtu akamaliza chai yake na kuosha kikombe. Kijana wetu huvisoma, akaamini kwamba anayo saa nzima ya kuwapanga maarusi wakati wa machweo. Hanayo. Sisi tunakaa juu ya ikweta. Jua letu hushuka wima kama ndoo kisimani, na likisha kuzama hubaki dakika 20 na kitu tu kabla giza halijashika. Jijini Nairobi huzama takriban kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 1 kasoro dakika 10 jioni, mwaka mzima, na hesabu hiyo haina siri. Walakini hesabu ya Nairobi haitoshi kwa kila mahali. Mtu akiitwa kupiga picha chini katika Bonde la Kerio, atakuta kwamba upande wa magharibi limesimama genge la Elgeyo kama ukuta, na jua hujificha nyuma yake kabla ya saa yake iliyoandikwa katika kalenda. Mchunga mbuzi wa huko alijua jambo hilo tangu utoto. Mpiga picha kutoka mjini, mwenye mashine ya thamani ya ng'ombe kadhaa, halijui, kwa kuwa hakumwuliza mchunga mbuzi.

Saa sita mchana nayo ina balaa yake. Jua likiwa utosini, macho ya watu huingia katika kivuli cha nyusi, na kila mtu katika picha huonekana kama aliyekesha matangani. Dawa yake ni kivuli. Lakini kivuli kiko wapi? Uwanja usioujua hauna kivuli mpaka uuzunguke kwa miguu yako. Mwembe ulio nyuma ya jiko la shule waweza kukufaa kuliko lenzi mpya, nao hauonekani kutoka langoni.

Halafu pana mahema. Desturi yetu ni kuyakodi, na mengi hupambwa kwa vitambaa vya rangi. Nuru ya jua ikipita katika kitambaa chekundu huwa nyekundu, ikipita katika cha kijani huwa ya kijani. Na bibi arusi aliyepambwa tangu alfajiri hutokea katika picha na uso wa rangi ya jani la mgomba. Kumpigia simu mwenye mahema siku tatu kabla, na kumwuliza ni rangi gani, ni kazi ya dakika mbili.

Mashine yenyewe ina ujinga wake, na ujinga huo huzidi mahali pageni. Kamera hupima nuru kwa kudhani kwamba yote iyaonayo, yakichanganywa pamoja, ni ya kijivu. Ikielekezwa kwenye gauni jeupe na shela, hudhani kwamba nuru imezidi, ikaipunguza. Gauni likawa la kijivu, na uso mweusi ulio ndani ya shela ukazama kabisa. Tena mapokeo ya kazi hii hayakutupendelea. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilipeleka katika maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi zilizokuwa na sura ya mwanamke Mzungu, na ngozi za watu wengine zikapimwa kwa ngozi yake. Mambo hayo yamebadilika, lakini mashine haijawa na akili ya kumjua bibi arusi ni yupi. Yampasa mpiga picha wa kwetu aipime nuru usoni mwa mtu, na aipime pale pale atakaposimama bibi arusi. Jambo hilo halifanyiki watu wakisha kuketi na kinanda kikilia.

Mwanga, hata hivyo, ni nusu ya shauri, nayo ni nusu iliyo nyepesi. Mahali si kuta na madirisha tu. Mahali ni watu na ada zao. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Mtu aliyekulia katika moja akadhani kwamba amezijua zote, huyo ni mgeni wa hatari, kwa kuwa hajui kwamba ni mgeni.

Tumtazame mpiga picha wa bara aliyeitwa pwani kwa mara ya kwanza. Atafika msikitini, atachagua mahali pazuri pa kuwaona maarusi wawili wakisimama bega kwa bega, naye atangoja mpaka watu watawanyike. Nikaha hufungwa baina ya bwana arusi na walii wa mwanamke, mbele ya mashahidi. Bibi arusi mwenyewe aghalabu yuko nyumbani. Picha kubwa ya siku ile ilikuwa mkono wa bwana arusi ndani ya mkono wa anayemwozesha, nayo ilipita mbele ya macho yake akiwa anafuta vumbi katika lenzi.

Kosa hilo ni la hasara tu. Lipo jingine lililo la aibu. Katika Lamu na Mombasa ziko shughuli za arusi za wanawake watupu, ambamo mabuibui huvuliwa, nywele hufunuliwa, na bibi arusi hutazamwa na wanawake wenzake. Katika nyumba nyingi simu hukatazwa mlangoni. Na mpiga picha, kama yupo, ni mwanamke aliyeaminiwa, na picha zake ni amana. Mgeni asiyeuliza huona sherehe nzuri na mlango ulio wazi. Haoni kwamba picha moja ikitoka nje ya mlango ule hairudi tena. Mwanamke aliyecheza mbele ya mashoga zake, akiwa na imani kwamba yumo katika sitara, kesho yake aonekana katika simu ya mtu asiyemjua aliyekaa kijiweni. Hapana aliyemnyang'anya mkufu, walakini ameibiwa, na aliyemwibia hata hajui kwamba ni mwizi. Serikali nayo imelifikia jambo hili kwa njia yake: tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulikana huhesabiwa miongoni mwa habari zake binafsi, nazo si za kutumiwa ovyo bila ridhaa yake. Kina mama wa Lamu hawakuingoja sheria hiyo ili kulijua hilo. Wangalimwambia mpiga picha, kama angalibisha hodi siku moja kabla.

Kadhalika katika hekalu la Masingasinga. Lile la Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, lilijengwa mwaka 1926, na wasafiri wa kila dini hukaribishwa chakula humo bila malipo. Aingiaye huvua viatu na kufunika kichwa. Katika arusi zao maarusi hukizunguka kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, mara nne. Mpiga picha asiyeijua njia ya mzunguko huo hujikuta amesimama katikati yake, kichwa kimefungwa leso ya kuazima, soksi imetoboka kidoleni, na maarusi wanamkwepa kama gogo lililoanguka njiani. Na katika ngurario ya Wakikuyu, ambamo kukatwa kwa kiande, yaani bega la mnyama aliyechinjwa, ndiko kiini cha shughuli, nimemwona mpiga picha akiwa nje wakati huo huo, anaipiga picha motokaa.

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema kwamba mashine za siku hizi zaona hata gizani, na kwamba kosa lolote hutengenezwa baadaye kwa kompyuta. Ni kweli zaona gizani. Lakini kuona gizani si kujua pa kutazama. Kompyuta yaweza kuitengeneza picha iliyopigwa vibaya, tena si kila mara. Picha ambayo haikupigwa haitengenezeki.

Wengine wataniuliza ni nani atakayelipa nauli ya safari ya kwanza. Swali hilo naliheshimu, maana mpiga picha naye ana kodi ya nyumba na watoto. Lakini seremala hupima mlango kabla ya kukata ubao, wala haoni kupima kuwa ni hisani. Bei ya kupima imo katika bei ya mlango. Mpiga picha naye aitie safari hiyo katika bei yake, na akiulizwa sababu aieleze bila haya. Kama mahali ni mbali mno, na afike jioni ya kuamkia siku ya arusi, akalale kwa watu. Kama hilo nalo haliwezekani, basi ampigie simu mtunza kanisa au mwenye ukumbi: mlango waelekea wapi? Madirisha yako upande gani? Ibada ni saa ngapi, na saa hiyo jua liko wapi? Flashi yaruhusiwa? Nani haruhusiwi kupigwa picha? Asiyeweza kuuliza hata hayo asilalamike juu ya nauli.

Tena wako wenye ulimi mtamu zaidi, wasemao kwamba jicho geni huona uzuri ambao mwenyeji ameuzoea hata hauoni. Hayo nayakubali. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa, uchochoro wa Lamu usiopitisha watu wawili wenye mizigo, ukungu wa asubuhi juu ya majani ya chai, vyote hivyo mgeni huvipenda kuliko mwenyeji. Basi na avipende Alhamisi. Jumamosi aje kufanya kazi.

Ubaya mkubwa wa asiyejiandaa ni kwamba huufunika ujinga wake kwa amri. Kwa kuwa hakujua pa kusimama, husimama kila mahali; kwa kuwa hakujua jambo litakalofuata, hulisimamisha lililopo. Hapo arusi hugeuka kuwa mchezo wa jukwaani. "Rudini mlangoni mwingie tena! Mchungaji, tafadhali sogea! Pete na ivishwe mara ya pili, ile ya kwanza sikuipata!" Na mchungaji, mtu mzima mwenye mvi, asogea. Watu walioalikwa hawawaoni maarusi. Wanaona migongo ya wapiga picha. Nilihudhuria arusi moja ambayo nyanya wa bwana arusi, aliyewekwa kiti cha mbele kwa heshima, alitazama mashati meusi manne tangu mwanzo wa ibada hata mwisho. Alipoulizwa na wajukuu kama alifurahi, alisema kwamba mashati yalikuwa yamepigwa pasi vizuri. Jamaa za maarusi nao wana lawama yao hapa, kwa kuwa huwapa hao mamlaka ambayo hawangempa mpishi wala dereva. Lakini sitakaa juu ya hilo, maana mtu huogopa kumkasirisha yule anayeishika kumbukumbu yake mkononi.

Sasa habari yangu niliyoiahidi. Mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, nami nilikuwa nikipiga picha siku za Jumamosi ili kujipatia karo. Nikaajiriwa na mzee mmoja, mkulima wa chai, nipige picha za arusi ya binti yake katika kanisa la mlimani, mbali na chuo. Ningaliweza kwenda kuliona Jumamosi iliyotangulia. Basi lilikuwapo, na nauli haikuwa kubwa. Sikwenda. Nilikuwa nimekwisha kupiga picha za arusi kumi na moja, nikajiona bingwa.

Nilifika robo saa kabla ya ibada. Nyuma ya madhabahu palikuwa na dirisha kubwa la kioo kitupu lililoelekea mashariki, na ibada ilikuwa ya saa tatu asubuhi. Jua lote la mlima ule lilikuwa likiingia kwa dirisha hilo. Mchungaji alikuwa amekwisha kutangaza kwamba flashi ni marufuku mpaka ibada imalizike. Nikapiga hivyo hivyo, huku nikijiambia kwamba nitatengeneza baadaye. Katikati ya ibada mama yake yule mzee, bibi mkongwe sana, alishikwa mikono na wajukuu wawili akaletwa mbele. Akaweka viganja vyake juu ya kichwa cha bibi arusi akamwombea. Pumzi nne, labda tano, kisha akarudishwa kitini.

Nilipopeleka albamu, mzee alivaa miwani yake akafungua kurasa moja moja. Alifika penye picha ile. Dirisha lilikuwa liking'aa kama tanuri, na mbele yake palikuwa na vivuli viwili vyeusi. Kimoja kilijulikana kwa shela kuwa ni bibi arusi. Cha pili kingaliweza kuwa cha mtu yeyote.

"Mwalimu," akaniuliza, kwa kuwa walikwisha kuniita hivyo hata kabla sijahitimu, "mama yangu yuko wapi hapa?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Kisha nikasema, "Mzee, mahali pale palikuwa pageni kwangu."

Hakunijibu. Aliifunga albamu, akanilipa ujira wangu wote, nami nikaupokea. Yule bibi alifariki mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Nilisikia baadaye kwamba picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuzwa kutoka katika kitambulisho chake, kwa kuwa nyingine haikupatikana.

Mwaka uliofuata nilipelekwa katika tarafa ile kwa mazoezi ya kufundisha. Siku moja baada ya masomo nikaingia katika kanisa lile. Mtunza kanisa alikuwa akifagia. Alinikumbuka, nami nikamweleza taabu niliyoipata siku ile kwa sababu ya dirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauegemeza ufagio ukutani, akaenda nyuma ya kinanda, akafungua kamba iliyokuwa imezungushwa kwenye msumari. Pazia pana la rangi ya maziwa likashuka taratibu mbele ya dirisha. Ule mng'ao ukatulia. Kanisa zima likajaa nuru laini, hata nikaweza kuona nyufa za mbao katika kiti cha mbali.

"Hili nawashushia wapiga picha kila Jumamosi," akasema. "Wewe siku ile hukuuliza, nami nikadhani ndivyo unavyotaka."